Kaseti ya Mama Ndani ya Redio ya Gari

Juma lililopita nilishuka kwenye teksi kabla ya kufika. Dereva alikuwa kijana wa adabu tu, hakunikosea kitu. Alikuwa anahangaika kuunganisha simu yake na redio ya gari, gari la zamani ambalo halijui mambo ya simu. Waya mwembamba, ncha moja kwenye simu, nyingine ameitumbukiza nyuma ya redio mahali alipopajua mwenyewe. Redio ikakoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Nikamwambia anishushe. Akaniuliza, "Mama, kuko shida?" Nikasema hakuna shida, nataka tu kutembea. Nikatembea nusu saa juani na mfuko wa mchele mkononi, mwanamke wa umri wangu, najisemesha njia nzima.

Tangu siku hiyo situlii. Naanza kufua, naacha. Naweka sufuria motoni, nasahau. Basi naandika, labda nitakaa kitako.

Nilipokuwa mdogo tulikaa mtaa wa Kabondo, katika nyumba ya matofali yenye ua, na katikati ya ua palikuwa na gari. Papa alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, na gari hilo aliachiwa na mkubwa wake, Mzungu mmoja aliyerudi kwao kwa haraka. Lilikuwa la bluu iliyofifia. Essence, yaani petroli, ilipatikana siku iliyotaka yenyewe, kwa hiyo gari lilikaa tu, kuku wakalala chini yake, na Papa alilifuta vumbi kila Jumapili. Ndani yake kulikuwa na redio ya vitufe viwili vikubwa, kimoja cha sauti, kingine cha kutafutia stesheni. Stesheni yenyewe iliyosikika vizuri ilikuwa moja.

Nyumbani tulikuwa watano. Papa, Koko, yaani mama yake mzazi, ambaye masikio yake yalikuwa yameshaanza kuchoka, Tonton Amuri, mdogo wa Papa, fundi wa redio aliyelala chumba cha nyuma na kunuka risasi ya kuchomelea, kaka yangu Kasongo, na mimi, kitinda mimba, miaka minane. Mama hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao Bafwasende kumuuguza mama yake. Alisema wiki mbili. Ikafika miezi minane, bado hajarudi.

Mambo yenyewe niliyaelewa baadaye. Bibi wa Bafwasende alikufa, na Papa hakwenda kumzika. Alisema ofisini walimnyima ruhusa. Huenda ni kweli, lakini kwa watu wa Mama mkwe asiyekuja kuzika ni kama amerudisha mke mwenyewe. Ndugu zake Mama wakasema haondoki pale mpaka mume aje kumfuata kwa miguu yake. Ndiyo desturi, haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa Papa. Papa alikuwa mtu asiyekwenda mahali asikoitwa, hata karamu ya jirani ukuta kwa ukuta. Aliona haya kwa ule msiba, na mtu mwenye haya na kiburi pamoja hasogei. Koko alilisema wazi siku moja tukichambua pondu, majani ya muhogo, bila kujali kama nipo. "Muke akimuita, ataenda. Asipomuita, mimi najua mutoto wangu, ataoza hapa hapa."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa yanangojewa katika nyumba yetu. Neno moja la Mama. Mimi sikujua kwamba nangojea neno; nilikuwa nangojea Mama, na kungoja kulinikaa miguuni. Nilikuwa siwezi kula lituma yangu, ndizi za kupondwa, bila kusimama mara tatu kwenda barabarani kuangalia malori yatokayo Bafwasende.

Siku moja lori likaleta kaseti. Ninyi wa rika langu mnakumbuka barua za sauti. Mtu asiyeandika, au mwenye maneno mengi kuliko karatasi, alimtafuta mwenye manyeto, ile mashine ya kaseti, akakaa mbele yake, akasema. Zilikuwa na adabu zake. Unasalimu kwa majina, mkubwa kwanza, unashuka mpaka mtoto wa mwisho. Na kaseti haisikilizwi mpaka mwenye nyumba akae. Dereva wa lori aliitoa kwenye kitambaa kilichofungwa kwa uzi, akampa Koko, Koko akaifungia kifuani mpaka Papa aliporudi.

Shida ikawa manyeto. Tonton alikuwa nayo moja, ya kubeba mkononi, aliyokuwa akipigia muziki akitembea mtaani na marafiki zake. Lakini sauti yake ilikuwa imekufa tangu iliponyeshewa. Kilichobaki ni kile kisikilizio cha sikio moja. Koko alikitia sikioni akasema hasikii kitu, mnamtania. Papa alikataa kukigusa. Maneno ya mke wake, sikio kwa zamu, kama dawa ya matone? Hapana.

"Bon," Tonton akasema. "Gari iko na redio, redio iko na sauti. Tunaingiza manyeto mu redio. Koko atasikia hata akiwa jikoni."

Kesho yake mchana, nilipotoka shuleni, nikamkuta amelala chali ndani ya gari, kichwa chini ya usukani, miguu nje mlangoni. Redio alikuwa ameshaivua, imening'inia kwa nyaya zake. Akanipa torshi nishike.

"Feza, shika torshi pa moja."

"Nashika, Tonton."

"Haushike. Mwangaza inacheza rumba. Uko na sungusungu mu nguo?"

Nilikuwa na maswali, na maswali yalikuwa yananitingisha. Nikamuuliza Mama ataingia wapi. Akanionyesha vidole vitatu vya chuma nyuma ya kitufe cha sauti. "Hapa njo redio inapitishaka sauti mbele ya kuikuza. Waya moja hapa, ingine ku mwili ya chuma. Redio itazani ni wimbo yake yenyewe." Akachomelea, moshi ukatuingia machoni sote wawili, akafungua ufunguo wa gari hatua moja bila kuwasha injini. Redio ikachukua muda kupata moto. Akatafuta mahali pasipo na stesheni, akachomeka waya kwenye manyeto, akabonyeza.

Sauti ya Mama ikatoka kwenye gari. "Koko, mama yetu, nakusalimu," na kabla hajaendelea Tonton akasimamisha. Akacheka peke yake kwa furaha ya fundi. Mimi nilikuwa nimekwishaingia kiti cha mbele kwa magoti.

"Aa-a," akasema. "Papa yako kwanza. Naenda kumuchukua na kinga ku ofisi." Kinga ni baiskeli. Akafunga ufunguo asimalize betri. "Usigusaguse. Na hii ya nyekundu, hata na macho usiiguse. Ile inakulaka maneno." Alikuwa akiniambia hivyo kila siku kuhusu kile kitufe chekundu, kukibonyeza pamoja na kile cha kuchezesha ni kurekodi, na kurekodi ni kufuta.

Akaondoka. Koko alikuwa amelala nyuma, Kasongo yuko mpirani. Nikabaki mimi na gari.

Nilikaa labda kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Halafu nikafungua ufunguo kama alivyofanya yeye, hatua moja, nikangoja redio ipate moto, nikabonyeza.

Mama aliwasalimu wote kwa utulivu. Koko, na miguu yake inayovimba. Tonton Amuri, aoe sasa, manyeto haipiki chakula. Kasongo, asome, asipigane. Nilikuwa nalia na kucheka, nimebana mikono katikati ya magoti. Lakini chini ya sauti yake palikuwa na sauti nyingine. Tonton alitafuta mahali pasipo na stesheni, ila stesheni ya taifa ilikuwa na nguvu, haikukubali kufukuzwa, ilivuja. Mtangazaji wa Kinshasa alikuwa anasoma polepole jambo la Chama, chama pekee cha nchi, na Mama alikuwa anasema juu yake. Wote wawili pamoja, kwenye redio moja.

Hapo ndipo akili yangu ya miaka minane ilipofanya hesabu yake. Redio kwangu ilikuwa kitu kimoja, mahali Chama kinapozungumza na nchi nzima. Nilidhani mtu akisema ndani ya redio moja, anatoka kwenye zote. Kwa nini nisidhani hivyo? Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mtangazaji. Na sasa Mama yuko pamoja naye.

Halafu Mama akasema, "Na weye, Odette yangu, mama mudogo wangu, sikia muzuri..."

Nikasimamisha. Nikafunga ufunguo. 

Lazima niwaeleze wadogo, kwa sababu hawaamini. Wakati ule Chama kilikuwa kimekataza majina ya ubatizo, yale ya kizungu. Feza lilikuwa jina langu la shule na la karatasi. Odette nilipewa kimya kimya, na lilitajwa mlango ukiwa umefungwa, na Mama peke yake. Mwalimu wetu alituambia atakayeitwa jina la kizungu nyumbani alete habari darasani. Katekista mmoja wa mtaa wetu alichukuliwa siku tatu, na aliporudi alikuwa hasalimii mtu. Watoto tulisema ni kwa ajili ya majina. Malori ya wanajeshi wa kambi ya Kapalata yalipita barabara yetu, na kila lilipopita nilijisemea moyoni, Feza, Feza, Feza, ili jina jingine lisinitoke kwa bahati mbaya.

Na sasa lilikuwa limetoka, na Papa ni mtu wa serikali, na baada ya saa moja wangelicheza tena mbele ya watu wote.

Sikusita sana. Ningependa kusema nilisita. Nilirudisha kaseti nyuma kidogo tu, mpaka mwisho wa salamu za Kasongo kwa kukisia. Nikaweka kidole kimoja kwenye kitufe cha kuchezesha na kingine kwenye chekundu. Nilijua nafuta nini. Nilikuwa nafuta salamu yangu, niliyoingoja miezi minane, na sikuwa nimeisikia zaidi ya maneno machache. Niliona nafanya jambo kubwa, la kumwokoa Papa. Nikaiacha iende mpaka mwisho wa upande, kwa sababu Mama angeweza kulitaja jina tena na tena, na kwa sababu nilikuwa mtoto wa mwisho. Baada yangu, nani? Kwenye chakula, kwenye kuoga, kwenye salamu, baada yangu hakukuwa na mtu.

Hata mara moja sikumfikiria Papa. Sikujua kwamba katika barua ya sauti mwanamke anamweka mume wake mwisho kabisa, baada ya watoto, kwa sababu yeye hasalimiwi tu, yeye ndiye anayeambiwa shauri.

Nilikaa pale kitini, manyeto magotini, inazunguka. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kukaa bila kutikisika. Kuku walikuwa wanaparura chini ya gari. Lori lilipita. Nilikuwa nalia kwa pua, nikijizuia. Kitufe kikaruka chenyewe, tak. Nikarudisha kaseti mwanzo, nikashuka, nikaenda kukaa jikoni kwenye kinu kilichopinduliwa.

Papa akaja amekaa nyuma kwenye baiskeli ya Tonton, koti limekunjwa mkononi. Milango yote minne ya gari ikafunguliwa. Papa akaketi mbele ya usukani, Koko kando yake, Kasongo na mimi nyuma, Tonton amesimama ameshika manyeto. Mama akawasalimu. Koko alipiga makofi mapajani kwa kila neno, akajibu kana kwamba anasikika. Tonton akachekwa. Kasongo akaambiwa asome. Kisha, tak, sauti ikakatika katikati ya neno.

"Hapa walisimamisha," Tonton akasema. "Wameanza tena. Ngojeni."

Tukangoja. Pakatoka sauti ya pumzi. Mtu anapumua, ananyamaza, anavuta pua. Mbali, mtangazaji wa Kinshasa anaendelea na habari zake. Sikuwa nimejua kwamba manyeto ikifuta inasikiliza. Nilijitambua mara moja. Nikajishika mdomo.

"Bako na kuku mingi kule," Koko akasema.

Lori likapita ndani ya redio. Papa akainama kidogo karibu. "Iko karibu na barabara," akasema. "Analia?"

 Ile pumzi iliendelea, na hakuna neno. Baada ya muda Koko akasema anaumwa mgongo, Tonton akamshika mkono wakaenda. Kasongo akatoka. Papa hakutoka. Alikuwa anaangalia ile redio uso kwa uso, anamngoja mwanamke aseme jina lake, na mwanamke alikuwa mimi. Kitufe kiliporuka akanigeukia kule nyuma, akaweka mkono kichwani pangu.

"Weye na miye tumesahauliwa," akasema.

Ningesema pale. Hata leo nikifua naacha, nikipika naunguza, ni kwa ajili ya ile dakika. Lakini nilikuwa nimevunja adabu ya kaseti, nimegusa chekundu, nimefungua ufunguo, na zaidi ya yote nilidhani nikieleza lazima nilitaje lile jina, ndani ya gari, karibu na redio. Nikanyamaza. Siku chache baadaye nikamsikia Papa akimwambia Tonton, "Ile kaseti, tia muziki juu." Tonton akatia muziki.

Papa hakwenda Bafwasende.

Mama alirudi mwenyewe baada ya msimu mwingine wa mvua, juu ya lori, bila ndugu hata mmoja wa kumsindikiza, kwa sababu walikuwa wamemkasirikia. Alirudi kwa ajili yetu, alisema hivyo mlangoni, watoto na si mtu mwingine. Jioni ile ile nikawasikia chumbani. "Nilikuita," Mama akasema. "Nilisema mbele ya kaka zangu, na mudomo yangu, kuja unifuate. Ulikaa." Papa akajibu, "Haukuniita. Ulipumua tu. Nilisikia mpaka mwisho." Mama akacheka vibaya. Aliona ni uongo wa kitoto, uongo ambao hata haukutafutiwa sura. Papa naye kwa upande wake aliona mwanamke anajisafisha. Wakaishi hivyo zaidi ya miaka thelathini, nyumba moja, sahani moja, kila mmoja akijua kwamba mwenzake alimwacha. Hawakuwa watu wabaya. Walicheka, waliugua wakauguzana. Lakini wakigombana juu ya kitu chochote, chumvi, mlango, mjukuu, siku ile ilirudi.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilielewa usiku ule ule aliporudi, nimesimama ukutani. Kwa nini sikusema? Kwanza niliogopa. Kisha nikawa mkubwa, nikaona haya. Kisha nikajiambia ni mambo ya zamani. Visingizio vyangu navijua vyote kwa majina.

Papa akafa. Siku ya tatu ya matanga, wageni wamepungua, nikamkuta Mama peke yake chumbani ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja mashati yake. Akasema bila kunitazama, "Mutu muzuri. Lakini hakunifuata."

Nikakaa chini sakafuni nikamwambia yote. Waya za Tonton, mtangazaji, Odette, kitufe chekundu, kuku. Sikupamba, sikujitetea. Alikuwa ameacha kukunja. Nilipomaliza nilikuwa tayari kwa kofi, kwa laana, kwa lolote.

"Ile pumzi," akasema. "Alizani ni yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Na alisikia mpaka mwisho."

Nikamwambia kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Asubuhi iliyofuata ile siku ya kaseti, kabla ya kazi, niliamka nikamkuta Papa ndani ya gari, milango imefungwa, manyeto magotini. Alikuwa amefungua ufunguo. Hakusikiliza salamu. Alikuwa amepeleka kaseti moja kwa moja mpaka kwenye pumzi. Alifanya hivyo asubuhi tatu, na ya nne betri ya gari ikakataa, ndipo alipomwambia Tonton atie muziki.

Mama akavuta shati moja la Papa akaliweka magotini, akalinyoosha kola kwa kidole gumba.

"Umenikosea sana," akasema. "Sana, Feza. Sijui nitafanya nini na weye."

"Najua, Mama."

"Sasa toka. Funga mlango. Yale maneno ya kaseti niko nayo bado, na ni ya Papa yako."

Nikatoka, nikafunga mlango. Nikamsikia akikohoa, akianza kusema kwa sauti ya chini, nikaenda upande wa pili wa ua nisisikie.